SOMO LA SHERIA: AITWAYE KUULIZWA NAYE ASIJE



Katika mkutano wetu uliopita, yalipokwisha mazungumzo ya majamvi na magunia, mzee wetu mmoja wa upande wa Wete alisimama akatoa barua mfukoni. Barua hiyo ametumiwa na mpwawe aliyeko Marekani. Kijana huyo aligongwa na lori alipokuwa akitoka kazini, akavunjika mguu, akafungua madai juu ya kampuni yenye lori na juu ya dereva pia. Sasa mawakili wa kampuni wamempelekea karatasi ya kumwita ofisini kwao, ale kiapo, aulizwe maswali kutwa nzima. Na wakili wake yeye alikuwa amekwisha mwita yule dereva kwa karatasi kama hiyo. Siku ikafika, watu wakakaa, wakangoja, dereva hakutokea.

Mzee akatuuliza mambo mawili. La kwanza: je, yampasa kijana kwenda kuulizwa na mahasimu wake, tena pahali pasipokuwa korti? La pili: yule asiyekuja, atafanywa nini?

Tuliahidi kumjibu katika jarida hili. Tumeonelea tuwajibu wanachama wote pamoja, kwa kuwa jambo hili si la Marekani peke yake. Hapa kwetu pia wako watu waletewao wito wa korti wakautia chini ya godoro, wakidhani kuwa asiyeonekana hashindwi. Hayo tutayarejea mwishoni, na tutasema pia kosa letu sisi wenyewe.

DIPOSISHENI NI KITU GANI?

Kwanza tulifahamu neno. Katika Marekani mtu akifungua madai, kesi haiendi moja kwa moja mbele ya jaji ikasikizwa. Kuna kipindi cha kati, ambacho kila upande hupewa haki ya kuchungua aliyo nayo mwenziwe: karatasi zake, hesabu zake, na maneno yake. Kule kumchungua mtu kwa kumwuliza kwa kinywa ndiko waitako diposisheni. Mtu huapishwa, wakili wa upande wa pili humwuliza, na kila neno huandikwa, au hunaswa sauti, au hunaswa sauti na picha. Jaji hayupo. Aghlabu ni chumba tu katika ofisi ya wakili, chenye meza na viti. Lakini anayeapisha ni mtu aliyeruhusiwa na sheria kuapisha, asiye jamaa wala mtumishi wa upande wowote, na kiapo kile kina nguvu kama kiapo cha kortini.

Sisi wakulima twaweza kulifahamu jambo hili kwa mfano wa gunia. Mnunuzi haridhiki na kuzitazama karafuu za juu. Hutia mkono mpaka chini, apate kujua kama zimekauka sawasawa, na kama makonyo yamechanganywa. Diposisheni ni mkono huo. Mwenye gunia safi haogopi mkono, na mwenye kukataa gunia lake lisitiwe mkono amekwisha jitia mashakani kabla halijafunguliwa.

Kanuni tutakazozitaja ni za korti za serikali kuu ya Marekani, zilizoanza kutumika mwaka 1938 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kila jimbo la nchi ile lina kanuni zake, lakini mengi yamefuata mfano huu. Kwa kanuni hizo, mtu mmoja huulizwa siku moja tu, na kwa muda usiozidi saa 7, ila jaji akiruhusu zaidi. Na kila upande una ruhusa ya kufanya diposisheni 10. Ukitaka kuzidisha, uombe. Kwa hivyo kijana asiogope kwamba ataulizwa mwezi mzima. Kutwa moja, basi.

MWENYE KESI NA SHAHIDI HAWAITWI NAMNA MOJA

Hapa ndipo wengi wakoseapo. Watu wa kuitwa ni namna mbili.

Namna ya kwanza ni mwenye kesi, yaani mdai au mdaiwa. Huyu haitaji kupelekewa hati ya korti. Yatosha apelekewe taarifa ya maandishi iliyotaja siku, saa na pahali, tena mapema kiasi cha kuweza kujitayarisha. Taarifa hiyo hupelekwa kwa kila upande ulio katika kesi, wala si kwa yule aitwaye tu. Ikiwa sawa, taarifa hiyo yamfunga. Kwa nini? Kwa sababu yeye yumo ndani ya kesi, na korti tayari ina mkono juu yake.

Namna ya pili ni shahidi asiyekuwa na kesi: mpita njia aliyeona ajali, au daktari aliyemtibu mguu. Huyu taarifa haimfungi. Lazima apelekewe hati ya wito yenye nguvu ya korti, pamoja na ujira wake wa siku moja na nauli. Katika korti za serikali kuu ujira huo ni dola 40 kwa siku. Wala hawezi kulazimishwa kwenda mbali apendapo mwenye kumwita. Mpaka wake kwa kawaida ni maili 100 kutoka anapokaa, au anapofanya kazi, au anapofanyia shughuli zake za kila siku.

Basi yule dereva ni wa namna gani? Kwa kuwa ameshtakiwa pamoja na kampuni, yeye ni mwenye kesi, na taarifa yatosha. Lau angalikuwa hakushtakiwa, ingelazimu hati ya wito, na bila hati hiyo asingelaumiwa kwa kutokuja.

Na kampuni je? Kampuni haina kinywa. Lakini kanuni zimeliziba tundu hilo. Wakili huandika mambo anayotaka kuyauliza, na kampuni hulazimika kumtoa mtu wa kuyajibu kwa niaba yake. Mtu huyo hawezi kusema tu, "Mimi siku ile sikuwapo," kwani yampasa aje na yale ambayo kampuni inayajua au iliweza kuyajua.

Jambo jingine ni pahali. Kwa desturi ya korti zile, mdai huja kuulizwa katika wilaya aliyofungulia madai, kwa kuwa ndiye aliyeichagua korti ile. Mdaiwa kwa kawaida huulizwa karibu na anapokaa au anapofanya kazi. Hii ni desturi, na jaji aweza kuibadilisha ikiwa iko sababu.

JAWABU LA SWALI LA KWANZA

Kwa hivyo mzee wetu amwambie mpwawe: ndiyo, yakupasa kwenda. Wewe ndiye uliyedai. Huwezi kumwambia mtu "nilipe mguu wangu" kisha ukakataa kuulizwa mguu huo ulivunjika vipi. Nenda pamoja na wakili wako. Jibu uulizwalo, usizidishe. Usilolijua sema hulijui. Wakili wako akipinga swali, upingaji wake utaandikwa, lakini kwa kawaida utaendelea kujibu. Hutakatazwa kujibu ila kwa sababu chache, kama kulinda siri za baina yako na wakili wako. Na kabla diposisheni haijamalizika, omba uletewe maandishi uyapitie. Ukiomba, utapewa siku 30 za kuyatazama na kuandika mabadiliko yako pamoja na sababu zake.

ASIPOKUJA: HATUA ZA KUFUATA

Sasa tuje kwa dereva. Mtu aliyeachwa akingoja hukasirika, na mwenye hasira huruka hatua. Hatua hizi zifuatwe moja baada ya moja.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba taarifa ilipelekwa sawasawa: kwa nani, siku gani, kwa njia gani. Taarifa yenye kasoro humpa mkimbizi mlango wa kutokea.

Hatua ya pili ni kuhudhuria wewe mwenyewe. Kanuni zasema kwamba aliyeita akakosa kuja, huku mwenziwe amefika, aweza kuamriwa kumlipa mwenziwe gharama zake. Kwa hivyo wakili wa kijana alifanya vyema kukaa akangoja. Na mwandishi wa diposisheni aandike: saa fulani tulikuwa tayari, fulani hakuja.

Hatua ya tatu ni kumwandikia wakili wa asiyekuja, kumwuliza sababu na kumpa siku nyingine. Huenda mtu alikuwa mgonjwa, au alipotea njia. Majaji hawapendi kuletewa ugomvi ambao barua moja ingeweza kuumaliza. Na ukitaka jaji atoe amri ya kumlazimisha mtu, lazima uthibitishe katika ombi lako kwamba ulijaribu kwa nia njema kupatana naye kwanza.

Hatua ya nne ni ombi kortini. Hapo kuna njia mbili. Waweza kuomba amri ya kumtaka mtu aje siku fulani pahali fulani. Au, kwa kuwa yeye ni mwenye kesi aliyeitwa kwa taarifa sahihi akakosa kuja kabisa, waweza kuomba moja kwa moja aadhibiwe, pasina kungoja amri ya kwanza.

NGUVU YA KORTI IKO WAPI?

Wengi wetu tukisikia neno "kulazimisha" huwaza askari na pingu. Katika madai haiwi hivyo mara nyingi. Mwenye kesi halazimishwi kwa kukokotwa, hulazimishwa kwa kupunguziwa haki zake ndani ya kesi ile ile anayotaka kuishinda.

Jaji aweza kuamuru kwamba jambo aliloogopa kuulizwa lihesabiwe kuwa ni kweli. Mathalan dereva hakuja kuulizwa kama alikuwa akisinzia; basi jaji aweza kusema, katika kesi hii itahesabiwa kwamba alisinzia. Aweza kumkataza asilete ushahidi juu ya jambo hilo. Aweza kuyafuta majibu yake yote. Aweza kuisimamisha kesi mpaka atii. Akiwa aliyekosa ni mdai, jaji aweza kuitupa kesi yake. Akiwa ni mdaiwa, jaji aweza kumhukumia kushindwa pasipo kusikizwa. Na juu ya hayo, mkosaji au wakili wake au wote wawili huamriwa kulipa gharama zilizosababishwa na kutokuja kwake, pamoja na ujira wa mawakili, isipokuwa iwe alikuwa na sababu ya haki.

Kosa la kudharau korti huingia baadaye, pale jaji alipokwisha toa amri na mtu akaivunja. Kwa shahidi asiye na kesi, ambaye hana madai ya kupunguziwa, hiyo ndiyo silaha kubwa.

Walakini majaji hawaanzi na shoka. Adhabu ya kumnyima mtu kesi yake huwekwa kwa mwenye kukaidi makusudi. Mwaka 1958 Korti Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni moja ya Uswisi isitupiwe madai yake kwa kutoleta karatasi za benki, kwa kuwa sheria ya nchi yake ndiyo iliyoizuia, wala haikuwa kwa ukaidi wake. Na mwaka 1976 korti hiyo hiyo iliukubali uamuzi wa kuitupa kesi ya wenye timu moja ya mchezo wa magongo wa barafuni, ambao walipelekewa maswali ya maandishi wakakawia miezi 17 pasipo kuyajibu ipasavyo, ilhali wamepewa nafasi baada ya nafasi. Korti ikasema adhabu hiyo si ya kumtia adabu aliyekosa tu, bali ni onyo pia kwa wengine wanaofikiria kufanya kama yeye.

UDHURU UNAOKUBALIWA

Je, mtu akiwa na sababu ya kweli? Kanuni zimempa njia. Aombe kortini amri ya hifadhi, aeleze: naumwa, au pahali ni mbali mno, au naulizwa ili kunisumbua tu. Jaji aweza kuahirisha, kubadilisha pahali, kupunguza maswali, au kukataza kabisa. Tena siku hizi diposisheni yaweza kufanywa kwa simu au kwa chombo kinginecho cha mbali, pande zikipatana au jaji akiamuru.

Lakini shikeni sana neno hili: ombi lipelekwe kabla ya siku. Kanuni yasema wazi kwamba mwenye kesi hawezi kujitetea baadaye kwa kusema, "Sikuja kwa sababu maswali yale hayakuwa halali," ila ikiwa ombi lake la hifadhi lilikuwa limekwisha fika kortini. Kukataa moyoni si kukataa. Kumwambia jirani si kumwambia jaji.

Wala cheo si udhuru. Mwaka 1994 mwanamke aitwaye Paula Jones alifungua madai juu ya Rais Bill Clinton, kwa mambo aliyodai yalitendeka kabla ya Clinton kuwa Rais. Mawakili wa Rais waliomba kesi ingoje mpaka atoke madarakani. Tarehe 27 Mei 1997 majaji wote 9 wa Korti Kuu walikataa. Tarehe 17 Januari 1998 Rais wa Marekani akaketi, akaapa, akaulizwa na mawakili wa aliyemdai. Na kwa kuwa jaji wa kesi aliona kwamba baadhi ya majibu yake hayakuwa ya kweli, alimhukumu mwaka 1999 kwa kudharau korti, akaamriwa kulipa kiasi cha dola 90,000. Basi kuja peke yake hakutoshi. Yataka uje, na useme kweli.

NA SISI HAPA?

Sheria ya mashauri ya madai ya visiwa vyetu ilijengwa juu ya kigezo cha sheria iliyotungwa Uhindi mwaka 1908, na ya Bara iliyotungwa mwaka 1966 yafuata kigezo hicho hicho. Katika kigezo hicho hakuna desturi ya kumwita hasimu wako ofisini kwa wakili aulizwe kutwa. Maulizo ni mbele ya hakimu. Lakini shina la sheria ni moja: asiyekuja hupoteza.

Mdaiwa aliyefikishiwa wito asije, kesi yaweza kusikizwa upande mmoja. Mdai asipokuja huku mdaiwa amefika na kukanusha madai, kesi yake hutupwa, wala hawezi kufungua nyingine kwa sababu ile ile. Kilichobaki ni kuomba ya kwanza irudishwe, naye aonyeshe udhuru wa kutosha. Hakimu akimwamuru mwenye kesi afike kwa nafsi yake, wakili peke yake hatoshi. Shahidi aliyeitwa huwekewa gharama zake kortini kwanza, na akikaidi aweza kukamatwa, kuzuiliwa mali yake na kutozwa faini. Na mgonjwa asiyeweza kutoka, korti yaweza kumtuma mtu wa kumwuliza nyumbani kwake.

Sasa tuseme lile letu. Miaka iliyopita mwanachama wetu mmoja, hatutamtaja, alidaiwa na jirani yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wito ulimfikia wakati wa uchumaji, wachumaji wamo juu ya miti na karafuu zimejaa majamvini. Alituletea karatasi ile ofisini tumsomee. Tulimsomea tarehe na jina la korti. Alipotuuliza, "Nikimaliza kuchuma kwanza je?" sisi hatukumjibu kwa uthabiti, tulisema labda haidhuru. Hakwenda. Kesi ikasikizwa upande mmoja, na mikarafuu 17 aliyoachiwa na babaye ikahukumiwa kuwa ya mwenziwe. Alipokuja tena kutuuliza afanyeje, muda wa kuomba hukumu ile iondolewe ulikuwa umekwisha pita. Huenda mpaka ulikuwa wake, huenda haukuwa wake. Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuulizwa.

Barua moja kwa korti, iliyoandikwa mapema, ya kueleza udhuru na kuomba siku nyingine, ingaliweza kuiokoa kesi ile. Karatasi ya kuandikia tulikuwa nayo, na kalamu tulikuwa nayo. Ndiyo maana tumeandika somo hili refu.

YA KUKUMBUKA

1. Uitwapo, tazama kwanza tarehe, kisha pahali, kisha jina lako limeandikwa kama mwenye kesi au kama shahidi.

2. Ukiwa na udhuru, uandike na uupeleke kortini kabla ya siku, wala si baada yake. Ubaki na nakala.

3. Hasimu wako asipokuja, wewe uwepo. Kuwapo kwako ndiko kunakompa hakimu nguvu ya kutenda.

4. Usiruke hatua kwa hasira. Wito sahihi, ushahidi wa kuufikisha, barua, kisha ombi.

5. Ukifika, sema kweli.

Mwanachama yeyote aliyeletewa karatasi ya korti, hata iwe kilele cha uchumaji, na aje nayo ofisini siku ile ile. Tutamsomea yote tangu mwanzo hadi mwisho, na palipo na shaka tutafuatana naye kwa karani wa korti au kwa wakili, tukaulize. Mzee wetu wa Wete naye achukue nakala ya jarida hili ampelekee mpwawe, pamoja na salamu zetu na dua ya kupona mguu.

Katibu wa Chama